Mguu Uliovutwa na Mlima Rungwe

Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba Mlima Rungwe unavuta miguu. Si miguu yote. Hii yetu ya nyama na mfupa mlima hauna shida nayo. Unavuta miguu ya bandia, tena ile ya kisasa yenye umeme, kwa sababu ndani yake mna sumaku, na chini ya mlima kuna moto, na moto huo unapenda sumaku kama nzi anavyopenda ndizi mbivu. Ukiuvaa mguu wa namna hiyo ukapita mahali ambapo moto uko karibu, mguu unageuka wenyewe, unaiacha njia, unaingia migombani, na usipokamatwa na watu wenye huruma utakwenda nao moja kwa moja hadi Ziwa Ngozi, ufike umelowa, huna kofia, na hujui umefuata nini.

Aliyeniambia ni Asajile, kinyozi wa Ibighi. Alikuwa ameshika mkasi karibu na sikio langu, na mtu aliyeshika mkasi karibu na sikio lako hubishani naye. Siku hizo wataalamu wa joto la ardhini walikuwa wakizunguka milimani wakitafuta mvuke wa kuzalishia umeme, na wiki hiyohiyo kwenye karakana yetu ya viungo bandia walifika watu wa chuo kikuu na mguu unaojitengenezea umeme wenyewe. Asajile alichukua habari hizo mbili akazisuka kama mkeka, akanikalisha juu yake.

Najua mtakavyosema, ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya viungo. Mtasema, Mzee Gwakisa, umechonga miguu tangu ujana wako hadi kustaafu, ulikuwaje mjinga kiasi hicho? Wanangu, sikuwa mjinga. Nilikuwa nimesoma, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na mvi, nimekaa dawati moja na watoto waliokuwa wananiamkia kabla ya kuniibia majibu. Fizikia nilifaulu. Sura ya sumaku niliisoma mpaka kurasa zikaanza kudondoka zenyewe kama majani ya mparachichi. Mtu asiyejua fizikia angemcheka Asajile na kwenda zake. Mimi nilikaa pale na nusu ya kichwa haijanyolewa, nikasema, "Kisayansi, hilo linawezekana."

Lakini ngojeni kwanza niwaambie nilivyofundishwa, maana bila hivyo mtadhani nilikuwa mtu wa uvumi tu.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambakisye, Mungu amrehemu, mtu mwenye mikono mikubwa hivi kwamba akishika kikombe cha chai hukioni kikombe, unaona mvuke tu. Mguu wangu wa kwanza niliufunga wayo wa kushoto kwenye mguu wa kulia. Hakunigombeza. Alimwita mwenye mguu uani, akamwambia atembee kuelekea getini. Yule bwana akaanza kuelekea getini, akapinda, akapinda tena, akarudi pale alipotoka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mzee akanitazama.

"Gwakisa, umemtengenezea huyu mguu, au umemtengenezea duara?"

Tangu siku hiyo najua: mtu wa mguu wa bandia akipinda njiani, angalia wayo kwanza. Vidole vitazame nje kidogo, kama anayetaka kukusikiliza lakini ana haraka. Shikeni hilo.

Shikeni na hili. Kigutu cha asubuhi si kigutu cha jioni. Kipande hicho cha mguu kilichobaki kikishindiliwa mchana kutwa ndani ya soketi, kile kikombe cha mguu wa bandia, kinapungua, mguu unaanza kulegea na kupiga kelele kama bata, na mgonjwa anasema fundi hajui kazi. Mpe soksi ya kuongezea. Na mtu akikwambia panauma lakini hajui ni wapi, paka rangi ya mdomo kwenye kitako cha soketi kwa ndani, avae, atembee kidogo, avue. Mahali penye rangi ndipo panapogusa.

Rangi hiyo nusura inivunjie nyumba. Mke wangu aliikuta kwenye mfuko wa koti langu.

"Baba, hii ya nani?"

"Ya kazini."

"Kazini mnapakana?"

"Nampaka mzee mmoja wa Kyimo."

Angekuwa mwanamke mwingine angenisamehe kwa huruma. Wangu alifunga safari hadi karakana, akamtaka huyo mzee wa Kyimo, na hakuondoka mpaka alipoonyeshwa kigutu chenye rangi nyekundu. Yule mzee alimwambia, "Mama, hata mimi imenishangaza."

Basi, mambo yakabadilika. Plasta ya kuchukulia umbo la kigutu, tuliyokuwa tunaikoroga kama uji, ikitumwagikia mpaka tunarudi nyumbani weupe kama mizimu, ikaanza kupungua. Ikaja kamera inayozungushwa kwenye kigutu, ikachora umbo lake kwenye kompyuta. Mimi kamera hiyo niliiamkia siku ya kwanza. Nilidhani kuna mtu ndani, jinsi ilivyokuwa inanitazama.

Ndipo akaja Dokta Rehema.

Alikuwa binti mwembamba kutoka chuoni, mzaliwa wa Tanga, anayeona baridi ya Tukuyu hadi anavaa masweta mawili na kanga juu. Iliposikika kwamba ni dokta, asubuhi yake foleni ya akina mama ikajipanga nje na watoto wanaokohoa. Akatoka kuwaeleza.

"Jamani, mimi si daktari wa watu. Ni daktari wa fizikia."

Mama mmoja akamsogezea mtoto. "Basi mwangalie hiyo fizikia yake. Tangu juzi hali."

Kazi yake ilikuwa hesabu. Ndani ya kompyuta yake alikuwa na mtu wa vijiti, hana sura, hana tumbo, na mtu huyo alitembea kutwa kucha bila kuchoka. Dokta Rehema alikuwa akimbadilishia miguu: mzito, mwepesi, wenye springi ngumu, wenye springi laini, kisha kompyuta inamwambia nguvu kiasi gani imepotea kisiginoni. Maana kila tukikanyaga, wanangu, kuna nguvu inayopotea pale. Wenzake wakatengeneza wayo unaoikamata nguvu hiyo: springi inabonyea, sumaku ndogo inapita kwenye waya uliosokotwa, umeme unapatikana kidogo, na umeme huo unainyanyua ncha ya wayo isijikwae. Hauchajiwi ukutani. Unatembea, unajilisha. Nilipoelewa hilo nilikaa chini. Nikafikiria watu wote wa Rungwe wanaopanda na kushuka vilima hivi kila siku. Kama tungekuwa tunakamata nguvu za visigino vyetu, tungeiwashia taa Mbeya nzima na chenji ikabaki.

"Tatizo langu ni moja," aliniambia. "Mtu wangu wa kompyuta anajua kutembea kwenye sakafu. Hajawahi kukanyaga udongo wa huku."

"Wala hana mkungu wa ndizi kichwani," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka mtu wa kweli."

Tukampa Mama Tusekile.

Huyu alikuwa mkulima wa Kyimo, mjane, mama wa makamo mwenye kicheko kinachosikika upande wa pili wa bonde. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya kidonda kuharibika. Tangu hapo alikuwa mtu wa magongo, na ninyi mnajua magongo na utelezi wetu: gongo linazama, unalivuta, linatoka bila kiatu chake cha mpira, unaanza kulitafutia kiatu kama mtoto wa shule. Kabla ya hapo alikuwa akipeleka ndizi zake sokoni mwenyewe na kuimba kwaya. Baada ya magongo akaacha kutoka. Ndizi zake zilikuwa zinauzwa na watu wengine, kwaya ikamwimbia yeye nyumbani kwake. Alipouvaa ule mguu mpya alitembea uani kwetu, akageuka, akatembea tena, akasema kimyakimya, "Ndaga fijo," yaani asante sana, halafu akacheka kile kicheko chake hadi wagonjwa wa wodi ya jirani wakachungulia.

"Ndani yake kuna sensa, mama," Dokta Rehema akamweleza. "Itatuambia kila unachofanya."

Mama Tusekile akaacha kucheka. "Sensa? Si tulishahesabiwa?"

Ilichukua muda kumweleza kwamba sensa hii haihesabu watu wala mbuzi, inapima mguu umeinama vipi na umesimama wapi. Akakubali. Ila mguu ulikuwa wa majaribio. Ukithibitika salama kwenye njia zetu, ni wake, abaki nao. Ukionekana una kasoro ya kumwangusha mtu, utafungwa kwenye sanduku urudi chuoni, na yeye arudi kwenye magongo. Alilijua hilo, nasi tulilijua.

Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa shwari isipokuwa sehemu moja. Dokta Rehema aliniita nitazame kioo cha tableti yake. Kila asubuhi mstari unatoka nyumbani kwa Mama Tusekile, unakuja vizuri, unafika kwenye kona moja kabla ya daraja la magogo, halafu mguu unageuka ghafla kulia, unateremka kwenye mteremko, unakunjika hadi mwisho, unatulia. Baada ya muda unanyooka, unapanda, unaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea.

"Anaanguka?" nikauliza.

"Sensa ingeonyesha kishindo. Hakuna kishindo. Mtu wangu wa kompyuta nimempitisha kwenye kona hiyohiyo mara nyingi, ananyoosha moja kwa moja." Akavuta kanga yake mabegani. "Ama mguu una kasoro, ama hesabu zangu zina kasoro. Ijumaa naondoka. Nisipojua ni nini, wakubwa wangu watasema urudi. Siwezi kumwachia mtu mguu unaomtoa njiani."

Nikaangalia wayo, kama Mzee Ambakisye alivyonifunza. Vidole vilikuwa sawasawa. Nikapaka rangi. Soketi haigusi pabaya. Hapo ndipo mkasi wa Asajile ulipolia tena sikioni mwangu. Nikaenda kumuuliza mwenyewe Mama Tusekile, kitaalamu kabisa.

"Mama, ukifika pale kwenye kona, unajisikiaje?"

Akatazama chini, akachezea ncha ya kitenge. "Pale, Fundi, lazima nitoke njiani."

"Lazima?"

"Lazima. Nifanyeje sasa?"

Wanangu, nilisisimka mwili mzima. Lazima! Mtu anakwambia kwa kinywa chake kwamba analazimishwa! Nilirudi karakana karibu kwa kukimbia, nikamweleza Dokta Rehema habari yote ya mlima, moto na sumaku, nikamchorea na mchoro kwenye kipande cha plasta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya watu wa Tanga.

"Fundi, hiyo sumaku haiwezi hata kushika ufunguo wa kabati lako."

"Lakini mlima ni mkubwa, Dokta."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Nikalichukua hilo kama ruhusa ya kufanya utafiti.

Nilikwenda kwenye kona ile na msumari nimeuning'iniza kwenye uzi. Msumari ukazunguka. Ulikuwa ukizunguka kwa sababu ya upepo, lakini mtu akishaamini, hata upepo ni shahidi wake. Nikamfunga Mama Tusekile karatasi ya alumini ya kuokea nyama kwenye mguu, akawa anang'aa kama treni ya kisasa. Kesho yake mstari ukatoka njiani kama kawaida. Nikambebesha kikapu upande wa kushoto ili uzito upambane na mlima. Ukatoka njiani, na kikapu pia. Hatimaye nikamfunga kimfuko cha mkaa juu ya kifundo cha mguu, maana nilikumbuka kusoma mahali kwamba mkaa unafyonza vitu. Asubuhi hiyo, nawaapia, mstari ulipita kwenye kona umenyooka kama rula!

Nilijulikana mji mzima kwa siku moja. Asajile alininyoa bure na kunitangaza kwa kila aliyekaa kitini. Kule Makandana mtu nisiyemjua alinisimamisha akaniuliza kama mkaa unasaidia pia mgongo. Nikamwambia tutafanya utafiti.

Kesho yake, mkaa ukiwa palepale, mstari ukaingia migombani.

Siku ya Alhamisi Dokta Rehema akafunga sanduku la kubebea mguu, akaliweka mlangoni. Nililiona, na Mama Tusekile aliliona alipokuja kukaguliwa. Kicheko chake siku hiyo hakikutoka. Aliuliza tu, "Kwani nimeukosea nini huu mguu?" Dokta Rehema akageukia dirishani, akasema kesho asubuhi tutamfuata nyuma, tuone kwa macho yetu, kisha ataamua.

Ijumaa tukawa njiani mapema, ukungu umekaa kwenye migomba kama shuka. Mama Tusekile mbele na mkungu wake wa ndizi kichwani, mimi na Dokta nyuma, tableti ikiwa wazi mikononi mwake. Anatembea vizuri! Anapanda, anashuka, ncha ya wayo inanyanyuka yenyewe kwenye kila jiwe. Nikasahau kabisa habari ya mlima, nikawa naona fahari tu. Tukaikaribia ile kona. Mbele yetu, ng'ambo ya daraja, mtu akakohoa. Mzee mmoja mwenye jembe begani alikuwa anakuja taratibu kutoka shambani.

Palepale Mama Tusekile akageuka kulia. Alitoka njiani kwa haraka ambayo hata mimi wa miguu miwili siiwezi, akashuka mteremko, akaingia katikati ya migomba.

"Unamchukua!" nikapiga kelele. "Dokta, unamchukua!"

Nikaruka. Nasema nikaruka, maana kwa umri wangu kule kulikuwa ni kuruka kweli. Niliteleza kwenye mteremko ule kwa tumbo kama pipa la mafuta, nikafika chini, nikaukumbatia mguu wake wa bandia kwa mikono yote miwili, nikakaza. Ulikuwa umekunjika. Mama Tusekile alikuwa amechuchumaa, mkungu bado uko kichwani, ameipa njia kisogo, ameshusha kitenge usoni. Nikavuta upande wangu, mlima uvute upande wake. Juu yetu nikasikia hatua za yule mzee zikipita, naye akikohoa na kutazama upande mwingine, mpaka zikapotea.

Ndipo Mama Tusekile akainua kitenge.

Dokta Rehema alishuka akishikilia migomba, masweta yote mawili yamejaa tope. "Mama, mguu umekutoa njiani?"

"Mguu haujanitoa, mwanangu. Nimeutoa mimi. Yule ni baba mkwe wangu. Sisi huku mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na mkwewe. Akija, unatoka njiani, unageuka, unangoja apite. Nilidhani Fundi, mtu wa huku, analijua. Na magongo yale nilikuwa nachelewa. Ananikuta nimesimama katikati ya njia kama mgomba, naye mzee wa watu hajui atazame wapi. Mara mbili nimeanguka nikijaribu kumpisha. Ndiyo maana nikaacha kutoka, si kwamba nilishindwa kubeba ndizi." Akapapasa goti lake. "Sasa nampisha."

Wanangu, mimi ni mtu wa hapahapa. Mke wangu mwenyewe alimkwepa marehemu baba yangu miaka yote, hadi siku moja alijificha nyuma ya ng'ombe, ng'ombe akasogea, akasogea naye. Nililijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Lakini sumaku zilikuwa zimejaa kichwani, mkwe hakupata pa kukaa.

"Na ile siku ya mkaa?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Siku ile mzee alikwenda Mbeya kutibiwa macho."

Dokta Rehema alikuwa ameinamia tableti. Akainua uso, na tope lote lile usoni halikuficha meno. "Mama, kumbe mguu huu unachuchumaa? Kwenye mteremko? Na mkungu kichwani?"

"Kila siku."

"Mtu wangu wa kompyuta hajui kuchuchumaa. Hatukumfundisha." Akafunga tableti, akaitia kifuani chini ya sweta. "Sanduku litarudi tupu. Huu ni wako."

Mama Tusekile akacheka, na safari hii hata yule mzee aliyekwisha kupita lazima alisikia. Kisha akatazama chini, kule nilikokuwa bado nimelala topeni nimekumbatia.

"Mlima hauvuti mtu, Fundi," akasema. "Niachie mguu wangu."